Nguzo ya Kati, Ghala la Galbet

Jumatatu, 10 Oktoba 1966

Daftari hili nimepewa niandikie vipimo, na vipimo naviandika upande wa mbele kwa utaratibu wote. Upande wa nyuma ni wangu. Nimeligeuza juu chini na kuanzia hapa, kwa sababu tangu niletwe Garissa mwezi wa Agosti sijazungumza na mtu jambo lisilohusu saruji, na naona ulimi umeanza kuwa mzito.

Naitwa Bwanaheri, mtoto wa mwashi wa Kuze, Mombasa. Nasimamia ujenzi wa ghala la mahindi ya msaada upande wa Galbet, juu kidogo ya pale maji ya mto yalipofika mwaka wa mafuriko. Kwa hofu ya maji hayo ghala limeinuliwa. Sakafu yake ya zege iko futi kumi na mbili juu ya ardhi, imelazwa juu ya boriti nne za zege, na kila boriti ina futi kumi na nane toka nguzo hadi nguzo. Chini pameachwa wazi ili malori yaingie kupakua. Magunia yatakaa juu. Mhandisi alikuja mara moja kwa ndege, akakaa saa mbili, akaniachia michoro na kitabu cha kanuni, akaruka zake.

Likimalizika bila dosari nimeahidiwa uhamisho wa kurudi Mombasa. Nina mke niliyemuoa miaka miwili iliyopita, na katika miaka hiyo nimekaa naye miezi minne.

12 Oktoba

Joto. Makorongo kumi na moja wamesimama juu ya kokoto zangu. Hakuna barua.

Jumamosi, 15 Oktoba

Mafundi wawili wa nondo waliokuwa wakija kutoka bara wamerudi walikotoka. Lori lililowatangulia lilikanyaga bomu la ardhini, nao wakageuka na msafara uleule bila hata kuuliza vifaa vyao vitafikaje. Siwalaumu, lakini nimebaki na tani tatu za nondo na hakuna wa kuzifunga.

Nyapara wangu, Billow, mtu wa hapa mjini, anasema wanaume wa Galbet hawatakuja. Kila mwanamume akionekana njiani huulizwa na askari wanawe wako wapi, kama si porini kwa mashifta wanaopigana na serikali, na wengi hawana jibu la kumpa askari. Wanawake hupita. Ataniletea wanawake, anasema, na wanajua kufunga. Nilicheka mbele yake, na hakupenda.

17 Oktoba

Wamekuja sita. Mkubwa wao ni Hawo, mjane wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye macho ya kukagua. Alikuwa mfugaji upande wa Hadado. Mifugo yake imekwisha tangu vita vianze, akaja huku kwa miguu, nyumba yake ikiwa mgongoni mwa ngamia wa mwisho.

Nikamuuliza Billow maana ya nyumba kuwa mgongoni mwa ngamia. Akanieleza kwa kusitasita, kama anatoa siri ya ndani. Kwao mwanamume hajengi. Nyumba ya mfugaji hujengwa na mwanamke. Yeye hukata fito, huzipinda zikiwa mbichi, huzifunga kwa kamba, hutandika mikeka juu, na siku ya kuhama huivunja na kuipakia mwenyewe. Hawo amejenga nyumba yake mara nyingi kuliko miaka niliyoishi.

Basi nikampa ubao wa misumari na chuma chembamba, nikamwonyesha kukunja ringi, zile pingu za mraba zinazozunguka nondo kubwa ndani ya boriti. Kufika adhuhuri walikuwa na ringi tisini. Nilizipima pembe zote nikitafuta kosa. Sikulipata, na niliudhika.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nataka kuandika habari za ringi, kwa kuwa hapana mtu wa kumweleza.

Watu wote hudhani boriti huvunjikia katikati. Kweli, katikati ndipo inapopinda, na kwa ajili hiyo tunalaza nondo nene chini yake. Lakini boriti inayovunjika katikati ina adabu. Hupinda kwanza, hufanya nyufa ndogondogo, humpa mtu nafasi ya kutoka. Mauti ya ghafla yako kwenye ncha, karibu na nguzo. Pale mzigo unataka kwenda chini, nguzo inakataa, na zege lililo kati yao linachanika kwa mshazari. Huo ndio mkato. Hautoi taarifa. Ringi ndizo zinazoushona ufa huo kabla haujafunguka.

Kitabu cha kanuni hakina huruma katika hili. Zege peke yake linaruhusiwa mkato wa ratli mia kwa kila inchi ya mraba. Ukizidi hapo, hata kwa ratli moja, zege huhesabiwa si kitu na ringi lazima zibebe mzigo wote. Boriti zetu magunia yakijaa zitakuwa na ratli 19,400 kwenye kila ncha, na hesabu yake ni ratli mia na nane kwa inchi. Tumepita kwa nane. Kwa hiyo ringi ziwe kila inchi nne karibu na nguzo, na zipungue hadi kila inchi kumi na mbili katikati.

Kwa kuwa wafungaji wangu hawasomi mchoro, nimekata kijiti cha futi tisa, nusu ya boriti, na kukitia meno kwa kisu kila mahali pa ringi. Unakilaza toka nguzo hadi kati, kisha unakigeuza kwa nusu ya pili. Nilimwonyesha Hawo kwa mikono, Billow akafasiri. Hawo akakitazama ncha zote mbili, akamuuliza Billow kitu. Nikataka kujua ameuliza nini. Billow akasema ameshaelewa, hayo mengine ni maneno ya wanawake.

22 Oktoba

Mvua ya kwanza. Udongo umenukia kama kwetu, nikashikwa na huzuni ya kijinga.

Hawo ananiita walaal, yaani ndugu. Billow amenifundisha nimwite eeddo, shangazi. Nimejaribu leo. Yule mdogo wao, Safiyo, alicheka mpaka akakaa chini kwa jinsi nilivyolitamka.

25 Oktoba

Kichwa, viungo. Nimekunywa kwinini.

Tarehe sijui

Homa. Nasikia mvua juu ya bati. Nimeota nimo ndani ya boriti.

Alhamisi, 3 Novemba

Nimetoka leo nikitembea kwa kushika ukuta. Kazi imenipita. Simu ya upepo ilikuja kwamba mto unapanda na barabara inaweza kukatika, zege limwagwe kabla saruji haijaharibika. Billow akamwaga lote kwa siku mbili, tarehe 29 na 30, boriti na sakafu pamoja, watu arobaini wakipokezana ndoo. Nimepanda juu nikaona sakafu imenyooka, imefunikwa magunia mabichi, na wanawake wanayanywesha maji.

Nilifurahi mpaka nikaona haya. Hawo alinipa kikombe cha chai yenye hiliki na kuniambia nimekonda. Hakuna aliyeniambia hivyo tangu Agosti, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama.

Miti inayoshikilia boriti kwa chini itaondolewa zege likitimiza siku ishirini na nane.

9 Novemba

Barua mbili kwa pamoja! Ofisi inasema uhamisho wangu utaanza Januari, ghala likipokewa. Mke wangu anasema mwezi huu ameanza kuisahau sauti yangu, na hasemi kwa mzaha. Nimemjibu palepale: Januari.

Jumamosi, 12 Novemba

Nataka kuandika mambo kwa mpangilio wake.

Saa nne asubuhi nilikuwa chini ya sakafu nikihesabu miti. Hawo akaja na debe lake la maji, akalitua, akanyanyua macho kwenye boriti. Kwa Kiswahili chake, ambacho p hugeuka b na v hugeuka f, akaniuliza:

"Walaal, udub naweka lini?"

Nikamuuliza udub ni nini. Akanionyesha kwa mkono. Mti mmoja mrefu, katikati ya nyumba, unaobeba paa. Nikamwambia ghala hili halina mti wa kati. Akatabasamu akidhani namtania, kisha akaona sitanii.

"Kama haina udub, kwa nini wewe nabatia sisi kijiti ile? Meno yake yote iko karibu-karibu ubande moja. Sisi nasema hii ndio kichwa. Kichwa naenda kati, haba udub nasukuma. Huku mwisho kamba kidogo natosha."

Nikamwomba anionyeshe kijiti. Alikuwa amekitunza vizuri kuliko mimi ninavyotunza vyeti vyangu. Kwenye ncha yenye meno ya karibu alikuwa amefunga uzi mwekundu, ili wenzake wasije wakakosea. Nikamuuliza boriti zote nne zimefungwa hivyo. Akasema zote, na kwamba waliifunga ya kwanza wakaifungua na kuifunga upya, maana Safiyo alikuwa amelegeza mafundo.

Nyumba zao hufungwa hivyo. Fito zote hukutana juu ya mti wa kati, pale ndipo kamba hurundikwa, na kuelekea chini kamba hupungua. Wamefuata kazi waliyoijua maisha yao yote, na wameifuata bila uzembe. Ringi za inchi nne ziko katikati ya boriti, ambako hakuna mkato wowote. Kwenye ncha, kwenye ratli 19,400, kuna ringi kila inchi kumi na mbili. Nimehesabu mara tatu. Zinabeba theluthi moja.

Nilimwambia Hawo si kitu, anyweshe magunia. Nikaenda nyuma ya rundo la mchanga, nikakaa huko mpaka wote walipoondoka.

13 Novemba

Jumapili, hapana mtu. Nilichukua patasi na kuchokoa boriti ya tatu, ubavuni, kwa upana wa kiganja, kuanzia kwenye nguzo. Ringi ya kwanza, inchi mbili toka nguzo. Ya pili, inchi kumi na nne. Nikaziba kwa saruji na kulainisha kwa kidole.

Siku ya mgao, kivuli kikubwa kuliko vyote Galbet kitakuwa chini ya sakafu hii. Wanawake na watoto watakaa hapo tangu alfajiri wakingoja mahindi, na Hawo na Safiyo watakuwa miongoni mwao. Juu yao kutakuwa na magunia mia sita. Labda litasimama. Vitabu huweka akiba, na zege la Billow si baya. Labda litasimama mwaka mzima, mpaka siku moja mtu aongeze magunia ishirini.

14 Novemba

Nimemwambia Billow. Akakumbuka swali alilouliza Hawo siku ile ya kijiti. Aliuliza udub utakuwa wa mti au wa chuma. Billow aliona ni upuuzi, hakunifasiria.

Rai yake ni moja. "Simiti imefunga mdomo yake," alisema. "Na wewe funga yako. Januari uko Mombasa."

Nilimchukia kwa kusema kwa sauti jambo ambalo nimelifikiria tangu Jumamosi.

Jumatano, 16 Novemba

Bomu jingine la ardhini, barabara ya kaskazini. Alasiri Inspekta wa polisi alikuja hapa kazini na askari wanne. Ni mtu mpole wa kuongea, anauliza kwanza habari za homa yako. Akataka orodha ya kila aliyegusa ghala. Nilimpa. Akaona majina ya wanawake na kuniuliza nani kati yao ana mtoto wa kiume porini. Nikasema kazi yangu ni saruji.

Akakunja orodha, akaitia mfukoni. "Ghala hili ni la serikali," akasema. "Likipata ufa, sitataka habari za saruji, Bwana Fundi. Nitataka majina."

Hawo ana mtoto wa kiume. Anaitwa Keinan, na Hawo hajui aliko tangu mwaka juzi. Aliniambia mwenyewe, siku ya chai.

17 Novemba

Mvua.

18 Novemba

Mvua. Wabebaji wawili wa kokoto wamechukuliwa na askari. Hakuna aliyeniambia kwa nini, nami sikuuliza.

19 Novemba

Siwezi kumtazama Hawo. Leo ameniuliza kama homa imerudi.

Jumatatu, 21 Novemba

Jana niliandika taarifa kwa mhandisi. Niliandika kweli yote: wafungaji waligeuza kipimo, ringi zimekaa kinyume. Kisha nikaisoma kwa masikio ya Inspekta. Wanawake sita wa Galbet wamegeuza vyuma vya ghala la serikali wakati wa vita. Sentensi hiyo haihitaji kuongezewa neno. Nikaichana na kuichoma, na nikakaa na jivu lake mkononi kama mtu asiye na akili.

Leo nimekaa na kile kijiti mapajani muda mrefu. Kimenyooka, meno safi, kazi nzuri ya kisu. Na ghafla nikamkumbuka baba. Baba hakumpa mtu kijiti cha kipimo, hata mwanawe, kabla hajakipaka mkaa upande wa mwanzo. Hata kijiti cha shubiri mbili. Nikiwa mdogo nilimcheka, nikamwambia mtu mwenye macho ataona. Akasema mtu mwenye macho huona anachokijua.

Mimi sikukipaka mkaa. Nilitoa kipimo kisicho na mwanzo kwa watu wasiosoma mchoro wangu, nikaenda kulala na homa. Siku tisa nimelitaja kosa hili kuwa lao. Nimekuwa nikijiona mwema kwa kutaka kuwaficha, na kumbe nilikuwa najificha mimi.

Kuna jambo la pili, na hili lilinijia nikiwa bado nimekaa. Hawo aliuliza udub unawekwa lini. Vipi kama unawekwa? Nguzo moja ya zege chini ya kila boriti, katikati kabisa. Nilichora na kupiga hesabu mpaka jua likazama. Boriti ya futi kumi na nane inakuwa mbili za futi tisa. Mkato kwenye ncha unashuka hadi ratli hamsini na nne, zege peke yake linatosha. Mkato mkubwa sasa unahamia kwenye nguzo ya kati, na hapo ringi zipo, kila inchi nne, zimefungwa na mtu anayejua kufunga. Ufa mwembamba utatokea juu ya sakafu pale kati, kwa kuwa sina nondo nene za juu, lakini huo ni ufa wa kuonekana tu.

Waliijenga nyumba yenye mti wa kati, na mti wenyewe ukasahauliwa.

22 Novemba

Nimepeleka taarifa kwa mkono wa rubani wa ndege iliyotua leo. Sentensi yenyewe ni hii: *Kipimo cha ringi nilikitoa mimi bila alama ya mwanzo, na wafungaji walikifuata kama nilivyokitoa; kosa ni la msimamizi.* Nimeambatanisha hesabu na mchoro wa nguzo nne. Nakala moja nimempelekea Inspekta kabla hajaiomba.

Nimeandika pia kwa mke wangu, nikaacha nafasi pale palipokuwa na neno Januari.

Jumamosi, 26 Novemba

Jibu la mhandisi kwa simu ya upepo, nimelinakili lilivyo: *Nguzo zijengwe. Miti isiguswe mpaka zikauke. Malori yatapita kwa shida na lawama ni yako. Uhamisho umefutwa. Cheo kinashushwa kuanzia mwezi ujao. Utabaki kituoni mpaka utakapoarifiwa.*

Inspekta alipita jioni. Alisema ameshangaa kumpata mtu anayejiandikia kosa, na akanitazama usoni kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaondoka. Orodha bado iko mfukoni mwake.

Nimelia kidogo. Naliandika kwa kuwa ni kweli na hakuna atakayelisoma.

1 Desemba

Tunachimba misingi ya nguzo. Hawo na wenzake wanafunga nondo zake. Leo sikuwapa kijiti kabla ya kumuuliza Hawo, kwa kinywa changu na bila Billow, nyumba hii ataijengaje. Alizunguka mara mbili, akagusa miti, akasema ringi ziwe karibu juu na chini ya nguzo, kati ziachane. Ndivyo kanuni inavyotaka. Nikakipaka kijiti mkaa mbele yake, naye akaufunga uzi wake mwekundu juu ya mkaa wangu.

4 Desemba

Safiyo ameuliza kwa nini nguzo zimekuja mwisho badala ya mwanzo. Nimesema mimi ndiye niliyesahau. Hawo alikuwa ananitazama, na nadhani Billow ameshamwambia.

8 Desemba

Hakuna barua kutoka Mombasa. Wiki nne sasa.

Jumatano, 14 Desemba

Ramadhani imeandama. Nafuturu peke yangu, tende tatu na maji, nikisikia adhana kutoka misikiti miwili isiyokubaliana kwa dakika moja. Kwetu saa hizi nyumba nzima inanuka viazi vya nazi na watu wanagombania mikeka.

19 Desemba

Tumeondoa miti, moja moja, tukianzia kati ya kila nafasi. Niliwaamuru wote watoke, nikabaki chini ya boriti ya tatu peke yangu. Ule wa mwisho ulipotoka nilisikia tu vumbi likianguka. Nilikaa hapo saa nzima.

Hawo alikuja akasimama kando yangu, ingawa nilikuwa nimekataza. Akaweka kiganja kwenye nguzo ya kati, akaipapasa.

"Sasa ni nyumba," akasema.

22 Desemba

Magunia 580. Ufa mwembamba juu ya boriti zote nne, katikati, kama nilivyoandika. Kwenye ncha hakuna hata unywele. Siku ya mgao watu walikaa chini yake tangu alfajiri. Niliwahesabu mpaka mia mbili, nikaacha.

Jumanne, 27 Desemba

Amri imetangazwa. Wafugaji wote waliokimbilia Galbet watapelekwa kwenye vijiji vyenye uzio na askari, kila mtu upande alikotoka. Hawo amepangiwa malori ya Hadado. Safiyo yuko kwenye orodha ya upande mwingine kabisa.

Nilidhani nimewakinga na kitu. Nilichowakinga nacho ni Inspekta mmoja.

30 Desemba

Malori yamewachukua asubuhi. Kila mtu mzigo mmoja. Nilifika yakiwa yameshajaa, nikamwona Hawo nyuma, amesimama, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Nilimwita eeddo, kwa sauti, mbele ya askari. Safari hii nililitamka sawasawa, na hakuna aliyecheka.

Akaniambia jambo kwa Kisomali na kuonyesha upande wa ghala. Nikamuuliza Billow amesema nini. Safari hii alifasiri lote. Alisema: fito zinakatwa popote, lakini udub huu ni wa mama yangu, na lori limeukataa. Kaa nao.

Ulikuwa umeegemezwa kwenye nguzo ya kati ya boriti ya tatu. Mti mmoja, mwekundu kwa moshi na samli ya miaka mingi, futi nane na nusu. Kichwani umelika kwa kamba, mifereji imebanana sana, na kushuka chini inaachana.

Alhamisi, 12 Januari 1967

Idi. Nimesali, nimepeana mikono na watu ambao sijui majina yao, nimerudi chumbani. Barua ya mke wangu ilifika juzi. Yuko kwa kaka zake na atakaa huko. Sauti yangu, anasema, hakuisahau, ila imekuwa ya mtu wa barua.

Inspekta alipita kunipa mkono wa Idi. Chumba changu kina futi nane kwa saba, bati ni la chini, na kwa kitanda na sanduku mti wa Hawo haulali mshazari. Unalala ukipita mlangoni, inchi sita nje, na mlango haufungi. Akasema wakati huu si wa mtu kulala mlango wazi, na atamtuma askari mwenye msumeno aikate ile ncha.

Nimemwambia haukatwi. Una mwenyewe, na anaujua urefu wake.